Lugusha Alipokataa Kutumwa kwa Wafu

Nikisema "Kale", nyinyi semeni "Tupe". Haya. Kale!

Tupe!

Hiyo ni sauti ya watu walioshiba au ya wagonjwa? Kale!

Tupeee!

Kale ya nani?

Ya waliotutangulia!

Sawa. Sogeeni basi. Masele, toa mkono kwenye hizo njugu, ni za mchana hizo. Na wewe Kabula, futa machozi, mimi sipendi kusimulia huku mtu anavuta kamasi sikioni mwangu. Mmetoka mazikoni mnagombana njia nzima. Huyu anasema marehemu amekwenda kwa Mungu. Huyu anasema hakwenda popote, amefukiwa basi, imeisha. Mmenipigia makelele mpaka nimeunguza kitunguu. Sasa mimi siwaamulii. Nitawapa kisa, mkikimaliza mrudi kugombana kama mnataka, lakini mkagombanie nje.

Hapo kale, kale ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake naye akasema hakuikuta, kulikuwa na watu wa chemchemi ya chumvi. Maji yao yalitoka ardhini yakiwa machungu. Wao wakachota, wakachuja, wakachemsha. Wakachota, wakachuja, wakachemsha. Kiangazi kizima moshi hauzimiki. Maji yanakauka chunguni, chumvi inabaki chini, wanaikwangua, wanaifunga kwenye magome ya miti, wanakwenda kuibadilisha kwa mtama na majembe nchi za mbali. Ndiyo kazi yao, hawakuwa na nyingine.

Na watu hao walikuwa na desturi. Mtu akiugua, akalala, ikaonekana dhahiri kwamba huyu hainuki tena, basi ndugu na majirani walikuja kumtuma. Eeh, Minza, kumtuma, kama unavyotumwa wewe dukani ukarudi bila kiberiti. Kila aliyekuwa na mtu wake huko kwa wafu alikuja, akachukua chumvi kidogo kwa ncha za vidole, akamwekea mgonjwa kiganjani, akasema, "Mwambie baba yangu tumevuna." "Mwambie shangazi yule ng'ombe amezaa." Naye mgonjwa alitakiwa kujibu kwa sauti, "Nimepokea, nitafikisha." Nani anajibu?

Mgonjwa!

Anasema nini?

Nimepokea, nitafikisha!

Basi. Akikata roho, anazikwa na chumvi ile ngumini, kwenye msitu wao wa makaburi. Na asiyejibu hivyo alizikwa ng'ambo ya kijito, peke yake, na jina lake hakupewa mtoto yeyote. Mpaka siku hiyo ninayowasimulia, hakuna aliyekuwa amekataa. Nani akatae? Mtu anakufa, anataka amani yake, anasema nimepokea, nitafikisha, mara nyingine hata kabla hujamaliza kusema.

Sasa alikuwepo mtu mmoja, Lugusha. Mchemsha chumvi, mrefu, hana maneno mengi, na akikutazama unajikagua kama nguo yako imechanika. Huyu ndiye aliyekuwa akitumwa na kijiji kizima katika safari za chumvi. Ukimpa neno la kupeleka, usidhani atachukua na kuondoka. Atakuuliza, "Huyo unayenituma kwake anafananaje? Nikikuta wawili wenye jina hilo, nitamjuaje? Na nisipomkuta?" Atakuchosha kwa maswali mpaka ujute. Lakini neno lako litafika. Na asipomkuta mwenyewe, atarudi nalo. Atakuja mpaka mlangoni kwako na vumbi lake la safari, atasema, "Neno lako hili hapa, sikumkuta. Lichukue." Hakumwachia jirani, hakumwachia mtoto, wala hakuongeza lake.

Ila Lugusha alikuwa na jambo lililowakera watu. Alisema hakuna Mungu. Alisema hakuna nchi ya wafu. Hakulitangaza sokoni, la, lakini ukimuuliza anakujibu. Na mkewe alipofariki, alikaa msiba, akalia mbele ya watu wote, lakini baadaye kila mgonjwa alipotumwa, Lugusha hakwenda kumtumia salamu mkewe. Watu wakasema, lo, huyu moyo wake ni jiwe.

Miaka ikaenda. Lugusha naye akaugua. Akakohoa, akakonda, akalala. Ikaonekana wazi hainuki.

Watu wakaja na chumvi yao asubuhi na mapema. Wa kwanza akanyoosha mkono. Lugusha akafunga ngumi.

"Sibebi," akasema.

"Ala! Hubebi nini?"

"Salamu zenu. Siendi popote, jamani. Nitawezaje kusema nitafikisha? Nikawadanganye nikiwa nakufa?"

Mwe! Kelele zikaanza. Mmoja akasema amelaaniwa. Mwingine akasema homa imempanda kichwani. Mwingine akasema basi akazikwe ng'ambo ya kijito akaongee na vyura. Lugusha kafunga ngumi, kafumba na macho.

Wakaenda kumwita Mzee Kapela. Huyu Kapela ndiye aliyekuwa akiwaombea watu kwa Mungu, ndiye aliyeongoza mazishi yote. Tena msimdhanie ni mtu mbaya, maana nawajua nyinyi, mnasubiri nimtaje mbaya ili mzomee. Alikuwa mtu mwema, mzito wa mwili, akitembea anahema. Akaingia, akawatoa watu wote nje, akakaa kwenye kigoda mpaka kigoda kikalia.

"Lugusha."

"Kapela."

"Umenifanya nitembee kwenye jua hili lote."

"Pole. Kuna maji mtungini hapo."

Kapela akanywa. Akapangusa mdomo. "Sema, ndugu yangu. Ni maneno mawili tu. Yaseme, watu watulie, ulale pema."

"Wewe unaamini Mungu anasikia?"

"Naamini."

"Na anasikia uongo pia?"

Kapela akaufunika mtungi.

"Basi tazama mambo haya," Lugusha akasema. "Anayeamini ndiye anayenifundisha uongo. Mimi nisiyeamini ndiye ninayeukataa. Tuna mambo, Kapela!"

Wakacheka wote wawili. Eeh, walicheka, walikuwa wamekua pamoja hao, wakiiba njugu pamoja kama hawa wawili hapa. Lugusha akakohoa sana, Kapela akamshika mgongo mpaka kikohozi kikapita.

Kapela akasema, "Haya. Tuzungumze kweli. Kwa nini unasema hakuna kitu?"

"Nimechemsha chumvi maisha yangu yote. Maji yanapanda mvuke, chumvi inabaki chini. Nyinyi mnaniambia mtu akifa kuna kitu chake kinapanda. Mvuke nimeuona kwa macho yangu. Hicho kingine sijakiona. Nimekaa na mke wangu mpaka pumzi ya mwisho, nimemshika mkono, sikuona kitu kikitoka. Nilitazama sana, Kapela. Nilitazama kuliko mtu yeyote."

"Na huo mvuke, unapopanda, unauona mpaka wapi?"

"Mpaka juu ya paa."

"Baada ya hapo?"

"Baada ya hapo siuoni tena."

"Kwa hiyo ukishapita paa, umekwisha? Hauko?"

Lugusha akawaza. "Sijui."

"Ahaa."

"Usiniletee ahaa. Nimesema sijui, sijasema umekwenda kwa Mungu."

"Wala mimi sijakuambia hivyo. Ila nisikilize. Wewe ni mtu usiyesema usilolijua. Ndivyo ulivyo, na sisi wote tumekutegemea kwa hilo. Sasa ukisema hakuna, umeona wapi? Umekwenda ukakuta patupu ukarudi kutuambia? Mimi nikisema kupo, nimesema nisichokiona, nakubali. Wewe ukisema hakuna, umesema nini?"

Nje watu walikuwa wamebandika masikio ukutani, msidhani tabia hiyo imeanza na nyinyi.

Mwishowe Lugusha akasema, "Na Mungu wako, mbona alimchukua mke wangu akaacha wavivu wa kijiji hiki wananenepa?"

"Hilo nami namuuliza."

"Amekujibu?"

"Bado."

"Na unaendelea kumuuliza?"

"Nimuulize nani mwingine?" Kapela akasema, na sauti yake ilibadilika, maana yeye alizika watoto wake wote, hilo nilisahau kuwaambia. "Lugusha, hujawahi kumtumia mkeo salamu hata mara moja. Humkumbuki?"

"Kumkumbuka? Ningependa awepo mahali kuliko nyinyi nyote mnavyopenda wenu wawepo. Nikiamka nageukia upande wake. Lakini kupenda iwe hivyo si kujua kwamba ni hivyo. Siwezi, Kapela. Uliloniambia nimelisikia. Sitasema tena hakuna. Lakini nitafikisha, hapana. Hilo silisemi."

Kapela akainuka, kigoda kikapumua. Akatoka nje, akawaambia watu, "Mwacheni." Wakauliza, "Tumzike wapi sasa?" Akasema, "Hajafa. Mnaharakisha nini?"

Basi watu wakatawanyika, kila mtu kwa chungu chake. Akabaki mwanamke mmoja, Nyamizi. Hakuondoka.

Sasa sikilizeni habari ya Nyamizi, maana hapa ndipo penye kisa. Nyamizi alikuwa na binti mmoja, Mbuke. Mbuke akaolewa na mfinyanzi wa ng'ambo ya kilima, mtu ambaye Nyamizi hakumtaka. Hakumtaka tu, mikono yake haikumpendeza, ilikuwa na udongo daima. Mama na mwana wakatupiana maneno makali, Mbuke akaenda zake. Halafu siku moja Mbuke akarudi, na chumvi kiganjani. Kwao hao, ukimkosea mtu unamletea chumvi kiganjani mwako, akiilamba, ugomvi umekwisha, hakuna wa kuukumbusha tena. Mbuke akapiga magoti, akanyoosha mkono. Nyamizi akampa kisogo, akaingia ndani. Mbuke akasubiri. Jua likazidi, chumvi ikayeyuka na jasho la kiganja. Akaondoka.

Haikupita muda mrefu, homa ikamchukua Mbuke, akafa huko huko ng'ambo ya kilima.

Nyamizi akawa anatuma. Kila anayekufa, anamtuma kwa Mbuke. Kila mmoja alimjibu haraka haraka, nimepokea, nitafikisha. Na yeye kila mara alirudi nyumbani akiwa vile vile, halali, hali, anachemsha chumvi mpaka inaungua. Maana aliwajua aliowatuma. Huyu alikuwa msahaulifu. Yule alikuwa mwongo tangu ujana. Yule mwingine hata njia ya kisimani alikuwa akiipotea. Nyamizi alikuwa akimsubiri mtu mmoja tu. Alikuwa akimsubiri Lugusha, na alijionea aibu kumsubiri mtu afe. Na huyo Lugusha ndiye huyo anasema habebi!

Akaingia. Akaketi chini karibu na kitanda.

"Kaka Lugusha."

"Nyamizi, dada yangu, na wewe usinitese. Nimeshasema."

"Nimesikia ulivyosema. Sikuja ili uamini. Amini usiamini, hilo ni lako. Nimekuja unibebee neno langu."

"Nilibebe niende nalo wapi? Sijui kama kuna pa kwenda."

"Hata ulipokwenda nchi za mbali hukujua kama utafika. Simba wako njiani, mito iko njiani. Mbona ulibeba?"

"Nilibeba kwa sababu nikimkosa mtu nilirudi na neno lako. Kila siku nilirudi nalo. Hapa sitarudi, Nyamizi. Nisipomkuta, nitakurudishiaje?"

Nyamizi akalia. Akalia kwa sauti, bila haya, pua na macho vyote vinatoka maji. "Usinirudishie!" akasema. "Ndilo ninalokuomba, usinirudishie! Limekaa kwangu, limenichosha. Linaamka nami, linapika nami. Ukimkuta, mpe. Usipomkuta, kaa nalo huko huko, nalo life. Lakini lisirudi kwangu, kaka yangu, nakuomba."

Lugusha akamtazama. Alimtazama mpaka kilio kikatulia kidogo. Kisha akauliza, taratibu, kwa ile sauti yake ya kuchosha watu, "Anafananaje?"

"Nani?"

"Mbuke. Nilimwona akiwa mtoto tu. Nikikuta wengi wenye jina hilo nitamjuaje?"

Ebo! Nyamizi alishikwa na bumbuazi. Katika wote aliowatuma, hakuna hata mmoja aliyemuuliza hilo. Akaanza kueleza. Ana mwanya. Si mrefu. Ana alama ya kuungua hapa, alivuta chungu akiwa anatambaa. "Anatembeaje?" Anatembea kwa haraka, anajikwaa, anacheka mwenyewe. "Anacheka vipi?" Nyamizi akaiga kicheko cha mwanawe, na alipokiiga kikamtoka kweli, akacheka akilia. Lugusha akauliza tena, akauliza tena. Anapenda kula nini, anaimba nini akichota maji, akikasirika anakuwaje. Jua likapanda, likasimama, likaanza kuteremka. Tangu mwanawe afe, Nyamizi hakuwa amemzungumzia kwa mtu yeyote, aibu ilimziba mdomo. Siku hiyo alizungumza mpaka koo likakauka, akanywa maji ya mgonjwa.

"Sasa neno lenyewe," Lugusha akasema.

Nyamizi akachukua chumvi kwa ncha za vidole. "Mwambie siku ile nilikuwa namkomoa tu. Nilikuwa nimeshamsamehe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango namchungulia, nikadhani atakuja tena kesho, nikasema acha aje tena ndipo niilambe chumvi yake. Mwambie nilikuwa nyuma ya mlango."

Lugusha akafungua ngumi. Chumvi ikaingia kiganjani. Akarudia neno lote, kuanzia mwanzo, hakuacha kitu, hakuongeza. Kisha akasema, "Nimepokea."

Nyamizi akasubiri.

"Ni hilo tu, dada yangu. Nimepokea. Hilo nalijua ni kweli."

"Linatosha," akasema Nyamizi.

Lugusha akafa kabla ya jua kuzama, ngumi imefungwa.

Sasa ugomvi! Msituni kwa makaburi wanaume wakasimama na majembe, hakuna anayechimba. Huyu anasema amejibu. Huyu anasema amejibu nusu, nusu si jibu, apelekwe ng'ambo. Wakamgeukia Mzee Kapela. Kapela anahema tu. Akasema, "Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia asiseme asichokijua. Sasa amesema anachokijua, nimwadhibu? Chimbeni hapa. Tena karibu na mkewe." Mmoja akanung'unika kwamba mkewe hayupo, Lugusha mwenyewe alisema hivyo. Kapela akamwambia, "Chimba, wewe." Wakachimba.

Asubuhi yake Nyamizi alikuwa kwenye chungu chake anachemsha. Wanawake wakamzunguka. "Nyamizi, unadhani amefika? Unadhani amempata?"

"Sijui," akasema. "Ila jana nimelala mpaka jogoo akawika. Sogea, unanizuia moto."

Na Kapela, wajukuu zangu, siku yake nayo ilifika. Watu wakaja kwa wingi na chumvi zao, wakijua huyu ni mtu wa Mungu, huyu atajibu vizuri. Akaja wa kwanza, kijana mmoja, akasema, "Mwambie baba tunamsalimu." Wakasubiri nimepokea, nitafikisha. Kapela akahema, akasema, "Baba yako nimemsahau sura. Hebu keti uniambie alikuwaje." Kijana akafungua mdomo kueleza, maneno yakagoma, akaanza kulia, mtu mzima na ndevu zake. Nje foleni ikasimama, kila mtu akimkumbuka wake, akitafuta atasemaje. Siku hiyo moshi wa chumvi haukuonekana kabisa.

Eeh, Kabula, sema, nakuona unanyoosha mkono.

Kwani alimpata, Bibi? Lugusha alimpata Mbuke?

Mimi nitajuaje? Aliyekuambia anajua, muulize amejuaje. Mimi kila asubuhi mnanisikia nikimwomba Mungu, napiga magoti na magoti yenyewe haya mabovu, na siku yangu ikifika natarajia kumkuta babu yenu aniambie maneno aliyobaki nayo. Hilo ni tarajio langu, na nalipenda. Lakini Masele akiniambia Bibi, unajua? nitamwambia sijui, mjukuu wangu. Na Masele naye nikimuuliza, ataniambia nini?

...Sijui, Bibi.

Kwa hiyo mlikuwa mnapigana kwa ajili ya nini njia nzima?

Funzo ni hili, mlishike, maana silirudii. Usiape kwa usichokijua, iwe unasema kupo, iwe unasema hakuna. Lakini mwenzako akija na mzigo wake, usimfungie ngumi kwa sababu hamwamini kitu kimoja. Mpokee. Muulize anafananaje. Yule mliyemzika leo, mwanawe amekaa pale uani kwao peke yake tangu mtoke mazikoni, na katika nyinyi wote mnaojua wafu wanakokwenda, sikumwona hata mmoja aliyekwenda kuketi naye. Kabula, beba hizi njugu. Masele, mfuate. Nendeni sasa hivi.

Kale imepita njia yake, mimi nimekaa njiani nikaitazama. Aliyeisikia ni yake, aliyesinzia shauri lake.